Sura ya Tisa: Chupa Namba Moja

Malohat Yoldosheva alikiri saa mbili na dakika kumi asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, na Kapteni Barno Rajabova hakufurahi hata kidogo.

"Ni mimi," msichana alisema. "Nilitia dawa kwenye chupa ya Robiya. Andikeni, nitie sahihi, yaishe."

Sajini Mirzo alikuwa ameshaishika kalamu. Miaka kumi na minane kazini, na mara zote alizopata mtu wa kukiri bila kubembelezwa zilitosha kuhesabiwa kwa kidole kimoja. Alimtazama mkuu wake. Mkuu wake alikuwa akitazama mikono ya msichana, iliyokuwa na sugu kwenye kila kiungo na iliyokuwa imetulia mezani kupita kiasi.

Mambo yalikuwa hivi. Alhamisi, kwenye mchujo wa boti ya wanawake wanne katika mashindano ya makasia ya bara la Asia mjini Samarkandi, Robiya Normatova wa Termiz, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, aliachia makasia mita mia tano kabla ya mnara wa mwisho na kuanguka chali. Alikaa omo, kwenye ncha ya mbele kabisa ya boti, na kwa kuwa wapiga makasia hukaa wakitazama walikotoka, wenzake watatu walimpa mgongo. Hakuna aliyemwona. Walichohisi ni boti kuwa nzito tu, wakadhani upepo umegeuka, wakazidi kuvuta hadi mstari wa mwisho. Jumamosi, Malohat aliyekuwa mchezaji wa akiba aliingizwa mahali pake, na boti ya Uzbekistan ikamaliza ya tatu kwa nusu sekunde. Medali za shaba zilivishwa saa tisa alasiri. Saa kumi na mbili jioni ile ile Robiya alikata roho hospitalini. Moyo wake ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa na hakuna aliyewahi kuligundua hilo, daktari alisema, lakini kilichouangusha ni dawa ya kushusha shinikizo la damu. Mabaki ya dawa hiyo yalikutwa kwenye chupa ya maji iliyokuwa miguuni pake botini, chupa iliyoandikwa namba moja kwa wino mweusi.

Aliyejaza chupa asubuhi ile alikuwa Malohat. Aliyepata kiti alikuwa Malohat. Mwendesha mashtaka alitaka jalada mezani kwake kabla ya saa kumi na moja jioni, maana simu kutoka mji mkuu zilikuwa hazimpi nafasi hata ya kupiga mswaki.

"Vidonge vya rangi gani?" Barno aliuliza.

"Vya waridi. Vina mstari katikati, vya kukatia nusu."

"Uliweka vingapi?"

Msichana alisita. "Viwili."

"Vizima?"

"Ndiyo. Nilivitumbukiza tu."

Barno alifungua jalada akalifunga tena. Maabara ilisema si chini ya vidonge vinane, tena vilisagwa vikawa unga.

"Na kwa nini Robiya?"

"Nilitaka kiti."

"Kiti chake? Ulishawahi kukaa omo wewe, kabla ya Jumamosi?"

Malohat aligeukia dirisha. Nje mvua ya Oktoba ilikuwa ikipiga mabati ya banda la magari.

"Binti, nakuuliza."

"Andikeni nilivyosema, dada. Nawaomba."

Kwenye korido Mirzo alishindwa kujizuia. "Afande, mtu amekiri mwenyewe, amejifunga kamba mwenyewe, sisi tunaikagua kamba! Rangi ya vidonge ameijua."

"Rangi anaijua. Idadi haijui, na kusaga hakujui. Hiyo inakwambia nini?"

Mirzo alikuna shingo. "Kwamba vidonge anavifahamu…"

"Ila kazi hakuifanya. Ameviona mahali, kila siku, hadi mstari wa katikati anaukumbuka. Ulimkamatia wapi?"

"Nyumbani, alfajiri. Baba yake alitukimbilia garini na mkate, viatu hana. Binti akauma, mzee akarudi nao. Nikaona ni mkate tu, afande, nikaruhusu."

Barno alitikisa kichwa kumwonyesha kwamba hakukosea. Hata mama yake mwenyewe alimfanyia hivyo alipokwenda chuo cha polisi: anayeondoka huuma mkate mara moja, mkate unatundikwa ukutani, unamsubiri arudi aumalizie. Hakuna afisa wa Samarkandi ambaye angemnyima mzazi jambo hilo.

"Na ile karatasi ya vidonge iliyookotwa kwenye pipa la takataka la banda la boti, maabara wamesema nini?"

"Hakuna alama za vidole. Kwenye mkunjo kuna punje moja nyeusi. Mimi nilisema kinyesi cha panya."

"Wao?"

"Habasoda," Mirzo alisema kwa aibu.

*

Banda la boti lilinuka unyevu na rangi. Timu za nje zilikuwa zikifungasha, wanaume wenye makoti ya mvua wakipandisha boti ndefu juu ya matrela bila kusemezana. Ubao wa matokeo ulikuwa bado umesimama kwenye kona, karatasi zake zimejikunja kwa maji, na bendera ya mwenyeji ilikuwa nusu mlingoti. Ilikuwa mara ya kwanza mji huu kuandaa mashindano makubwa hivyo. Hakuonekana mtu aliyetaka kuyakumbuka.

Sevara Hamroyeva alikuwa peke yake, akifuta boti ambayo tayari ilikuwa kavu. Ndiye mtoa mwendo wa timu, yule anayekaa tezi, nyuma kabisa ya boti, na kufuatwa na wote. Mrefu, mdomo mkali, macho yamevimba.

"Mmemkamata Malohat," alisema bila salamu. "Mnajisumbua. Yule akiua nzi anaomba radhi."

"Nani aliyemchukia Robiya?"

"Hakuna."

"Mtu yeyote. Kwa wivu, kwa mwanamume, kwa neno."

"Afande, Robiya alikuwa anatufulia soksi. Timu nzima. Unamchukiaje mtu anayekufulia soksi?" Alianza kulia, akakasirika kwa kulia, akasugua boti kwa nguvu zaidi. "Mimi ndiye wa kuchukiwa hapa. Waulize. Nilimpokonya Malohat kiti Machi, alikuwa amekikalia miaka mitatu."

"Alikuwa mtoa mwendo yeye?"

"Yeye, na kabla yake baba yake. Yule pale."

Alionyesha kwa kitambaa picha iliyokuwa ukutani. Barno hakwenda kwanza. Alikuwa amesimama mbele ya karatasi ya fainali, akisoma majina ya boti ya tatu kutoka juu kwenda chini: Malohat, Kamola, Zilola, Sevara. Alisoma mara mbili.

"Malohat ameandikwa wa kwanza. Si ulisema mtoa mwendo ni wewe?"

Sevara alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Na wewe unahesabu kizee?"

"Kizee vipi?"

"Kama wazee wote wa mjini hapa. Namba moja mtoa mwendo, tezi, halafu unakwenda mbele. Hivyo ndivyo walivyofundishwa zamani. Wenzetu wa nje wanaanzia omo. Kocha mgeni alipokuja Machi akasema tusijiaibishe, tuhesabu kama dunia inavyohesabu. Namba moja akawa Robiya, mimi namba nne. Wiki ya kwanza tuligongana kama wehu. Anaita 'namba moja, vuta!' tunavuta wawili."

"Na chupa?"

"Chupa tulikuwa tunaandika majina. Yeye akaleta za namba."

Barno alikwenda kwenye picha. Boti ya wanaume wanne, mwaka elfu moja mia tisa themanini na saba, rangi imegeuka kahawia. Chini ya kila kichwa mtu alikuwa ameandika namba kwa wino. Namba moja alikaa tezi: kijana mwenye mabega mapana na nywele nyingi. S. Yoldoshev. Namba nne alikaa omo.

Alibaki pale muda mrefu kuliko picha ilivyohitaji. Siku nne nzima alikuwa akiuliza nani alitaka kumwangusha Robiya, na siku nne nzima kila mtu alimjibu kweli tupu: hakuna.

"Nani anaingia hapa asubuhi ambaye si wa timu?" aliuliza.

"Hakuna. Mlinzi hapitishi hata paka."

"Asubuhi mnakula nini?"

"Chai, mayai, mkate."

"Huo mkate una miguu?"

Sevara aliacha kufuta. "Anauleta Fundi Sobir. Lakini huyo si mtu wa nje, afande, ni baba yake Malohat. Anatupakulia yeye mwenyewe." Kisha ikaonekana kuna kitu kinamrudia. "Alhamisi aliniuliza kama nimelala vizuri. Mara mbili. Nikasema huyu mzee leo ana huruma gani nami, wakati tangu Machi haniitikii salamu."

Mirzo alikuwa ametoa daftari. Barno alimwashiria alirudishe mfukoni. Gari lilikuwa linangoja.

*

Duka la mikate la Fundi Sobir lilikuwa nyuma ya soko la matikiti, chumba kimoja chenye tanuri mbili za udongo na joto la kukufukuza. Fundi mwenyewe, miaka hamsini na minane, alikuwa ameinama kwenye mdomo wa tanuri, mkono umefunikwa hadi begani, akibandika donge la mwisho kwenye ukuta wa moto. Kwenye meza palikuwa na mikate isiyopungua arobaini, mizito, inayong'aa, kila mmoja umepigwa muhuri katikati na kunyunyiziwa habasoda.

"Karibuni. Hii ni ya msibani," alisema. "Wazazi wa Robiya wamefika kuchukua mwili. Hawatanunua mkate katika mji huu." Alinyanyuka, akajifuta uso. "Malohat anatoka saa ngapi? Waliniambia ni maswali tu."

"Bado tunauliza, baba," Barno alisema. "Unatumia dawa?"

"Ya nini?"

"Yoyote. Umri huu, kazi ya moto."

"Ya presha. Daktari amenikatia, nameza nusu asubuhi, nusu jioni." Alichota maji kwa kata akanywa. "Nani hana presha siku hizi?"

Barno aligeuka. Alikuwa ameona ukuta wa ndani. Juu ya benchi la kukandia palikuwa na misumari mitano imepangwa kwa mstari, na kwenye kila msumari mkate uliong'atwa mara moja. Minne ilikuwa imekauka. Wa tano ulikuwa wa leo. Juu ya ile minne ya kwanza fundi alikuwa ameandika namba kwa mkaa.

"Ya wasichana?" aliuliza.

"Walikuja Jumanne, kabla ya mashindano, wakauma kila mtu wake. Desturi yetu tangu tulipokuwa sisi. Wakishinda, wakishindwa, wanarudi hapa wanamaliza mkate na chai." Alitazama pembeni. "Safari hii hawakuja."

"Nionyeshe upi wa nani."

"Imepangwa kama boti." Alinyoosha kidole chenye unga. "Wa kwanza, Sevara. Wa pili Zilola, wa tatu Kamola. Wa nne…" Hakumalizia. "Wa nne yule marehemu."

"Na wa Malohat?"

"Wa akiba haingii botini, hatundikiwi. Huo wa tano ni wa leo alfajiri." Aligusa msumari wa kwanza. "Ningemtundikia wa kwanza. Miaka mitatu ulikuwa wa kwanza."

Barno alivuta kigoda akakaa, jambo ambalo Mirzo hakuwahi kumwona akilifanya kwa mshukiwa.

"Fundi, Alhamisi asubuhi chupa zilikuwa zimepangwa kwenye benchi la banda. Malohat alishazijaza, akaenda kusaidia kubeba makasia. Wewe ulikuwa unapakua mkate. Ni kweli?"

"Kila siku napakua mkate."

"Uliona namba?"

"Sikuona namba yoyote."

"Kwenye karatasi ya vidonge vyako kulikuwa na punje ya hizi hapa." Aligusa mkate wa mezani. "Baba, mimi najua hukumtaka Robiya. Robiya hajakukosea lolote. Ulimtaka Sevara."

Mirzo alisogea mlangoni, kwa mazoea tu. Fundi hakutazama mlango. Alitazama tanuri.

"Sevara mzima," alisema polepole. "Alipiga makasia hadi mwisho, nilimwona kwa macho yangu. Kama mtu angemwekea kitu, si angeanguka yeye? Hakuguswa. Labda maji hakuyanywa." Akaokota punje moja mezani. "Yule mtoto moyo wake ulikuwa mbovu. Kila mtu amesema hivyo. Mola alimwita, mimi nikajua Mola amemwita. Ninyi mmesema dawa, sijui mmeitoa wapi, labda kuna mwingine…"

"Uliweka ngapi?"

Fundi alianza kupanga upya mikate ya mezani.

"Fundi, saa kumi na moja wanamfungulia Malohat kesi ya mauaji. Amekiri. Amesema ni yeye."

"Amesema nini?"

"Aliposikia ni dawa ya presha, alijua ni ya nani. Tangu hapo hajatamka jina lako. Amesema aliweka viwili."

"Viwili!" Mzee alishika ukingo wa meza. "Kumi. Nilisaga kumi. Nilitaka alegee tu, kizunguzungu, basi, wambadilishe. Mashindano haya yalikuja hapa nyumbani mara moja katika maisha yangu, afande, na binti yangu anabeba makasia ya wenzake! Lakini niliweka kwenye chupa ya Sevara. Naapa kwa mkate huu. Nilisoma vizuri, miwani nilivaa. Namba moja."

"Namba moja ilikuwa ya Robiya."

"Hapana."

"Kocha mgeni anahesabu kutoka omo. Tangu Machi."

"Hapana," mzee alirudia, kwa upole, kama mwalimu anayemsahihisha mtoto. "Omo ni namba nne. Moja ni tezi, moja ni mtoa mwendo. Mimi nimekaa namba moja miaka tisa."

"Malohat hakukwambia?"

"Tangu Machi hatuzungumzi habari za boti. Mimi ndiye niliyekataza."

Aligeuka kuelekea ukutani. Akainua kidole, akaanza na msumari wa mwisho katika ile minne, akihesabu kimyakimya, midomo ikicheza. Moja. Kidole kilikuwa juu ya mkate wa Robiya. Hakuendelea na mbili. Kidole kilibaki pale, na unga uliokikaukia ukawa unadondoka kwenye benchi.

Tanuri ilianza kutoa moshi. Mikate ya mwisho ilikuwa inaungua ndani na fundi, aliyeoka tangu ana miaka kumi na miwili, hakuinusa. Mirzo ndiye aliyeitoa kwa ile fimbo ndefu, akaunguza vidole, akatukana kwa sauti ya chini.

Maelezo yalichukua saa moja. Mzee alijibu kila swali, alitia sahihi kila ukurasa, aliuliza mara mbili kama pale anapotia sahihi ndipo. Hakulia. Alipovaa koti, Mirzo, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno laini, alichukua mkate mmoja wa mezani akamnyooshea.

"Uma, fundi. Nitautundika mimi mwenyewe."

Sobir alitikisa kichwa. Alipanda kwenye kigoda, akautungua mkate wa tano, akaufunga kwa kitambaa safi na kumkabidhi Barno.

"Mpe aumalizie," alisema. "Mwambie amerudi."

Alipotoka aligeuza uso ili asipite akiutazama wa nne.

*

Saa kumi na dakika arobaini Barno alifungua mlango wa mahabusu mwenyewe. Malohat alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha chuma, mgongo umenyooka, miguu pamoja, kama mtu anayengoja amri ya kuanza.

"Uko huru. Jalada limebadilika."

"Nilishakiri."

"Ulidanganya. Nimeichana karatasi." Alimwekea kitambaa mapajani. "Kutoka nyumbani."

Msichana alifungua fundo. Aliutazama mkate, alama ya meno yake mwenyewe ya alfajiri, na shimo dogo juu yake ulikopita msumari. Alipitisha kidole kwenye shimo lile. Kisha akainua uso, na Barno, aliyewahi kupeleka habari za vifo kwenye nyumba nyingi, alijua kwamba msichana ameshaelewa.

"Nani ameutungua?"

"Yeye mwenyewe."

Kwenye korido, nyuma ya Barno, zilisikika hatua za watu wawili zikipita, za Mirzo nzito na za mtu mwingine aliyeburuza miguu. Hazikusimama. Mlango wa mwisho ukafunguliwa, ukafungwa.

Malohat hakusimama. Aliufunga mkate tena, kona moja baada ya nyingine, akavuta fundo hadi likakaza, akamrudishia kapteni kwa mikono miwili.

"Urudisheni ukutani, dada," alisema. "Mimi bado sijarudi."